Mama Kibanda Anajibu: "Umetuacha Njiani Usiku"

Wasomaji wangu, mbukwenyi, kama tunavyosalimiana Ugogoni.

Kwa wageni wa safu hii: niliendesha kibanda umiza Chang'ombe, hapa Dodoma, kwa miaka 11. Tulianza na deki la mikanda, tukahamia kwenye DVD, kiingilio shilingi 200 kwa mtu mzima na 100 kwa mtoto. Muvi nilizijua, lakini zaidi nilijifunza kuwatazama wanaotazama. Muvi ikikamata, hata mwenye kikohozi anatoka kukoholea nje. Ikifa, wa kwanza kujua ni muuza karanga, maana anaanza kuitwa kutoka kila benchi. Mpaka leo nikikaa sebuleni na rimoti mkononi najiuliza: hapa wangeita karanga?

Barua za mwezi huu zimejaa uchungu. Nimechagua sita.

"Shikamoo Mama Kibanda. Nasoma UDOM, mwaka wa pili. Likizo nilijibana kwenye chakula nikanunua bando, nikatazama tamthilia ya House of the Dragon, misimu miwili ya kwanza, mfululizo. Wa pili umeishia majeshi yanatembea tu. Wenzangu wa chumbani wananiambia nitulie, mazuri yanakuja. Mimi nina hasira. Nina haki, au sina subira?" – Binti wa Ng'hong'honha

Marahaba mwanangu. Haki unayo.

Tuhesabu pamoja. Msimu wa kwanza ulitoka 2022, episodi 10. Ukafungwa na lile joka kubwa Vhagar linamrarua mtoto Lucerys angani, mama yake anapelekewa habari, anageuka kutoka kwenye moto na kututazama usoni. Pale tuliahidiwa vita. Tukangoja karibu miaka miwili. Juni 2024 msimu wa pili ukaja na episodi 8. Katikati kuna pambano moja la majoka, la Rook's Rest, nalo lilinikalisha kimya kabisa. Lakini fika ya nane: meli zinatweka matanga, askari wanapita mabondeni, kila mtu anakwenda vitani, basi, imeisha. Wakorea wa Squid Game nao walifanya hivyohivyo. Episodi 7 zikatoka Desemba 2024, zikakatwa uasi ukiwa umepamba moto, na 6 za kumalizia tukazipata Juni 2025. Ilikuwa hadithi moja, imepasuliwa katikati kama muwa.

Nikueleze jambo lililonitokea mwenyewe. Zamani muvi za Kibongo ziliuzwa diski mbili, Part One na Part Two. Jumamosi moja nilipata Part One, na aliyeniuzia akaniahidi Part Two inakuja na basi la jioni kutoka Dar. Nikaandika bango, watu wakajaa hadi mlangoni. Basi likafika bila mzigo. Muvi ikaisha binti ameshika bahasha ya majibu ya hospitali, hajaifungua. Nikasimama mbele nikasema Part Two ni kesho. Sikuzomewa, na ingekuwa afadhali wangenizomea. Mzee mmoja muuza mkaa, vidole bado vyeusi, akainuka taratibu kwenye benchi la mwisho akasema: "Mama, umetuacha njiani usiku." Nilisimama mlangoni nikamrudishia kila mtu kiingilio chake.

Usiku ule sikulala vizuri, nikawaza ile bahasha. Kama binti angeifungua, tukamwona uso unavyobadilika, halafu ndipo ikakatwa, watu wangeondoka na arosto, wangeamka asubuhi wanabishana kisimani imeandikwa nini. Arosto ni utamu: umeonjeshwa kitu, unataka zaidi. Bahasha isiyofunguliwa haijamwonjesha mtu chochote. House of the Dragon msimu wa pili ni bahasha isiyofunguliwa, na walioishika walikuwa na fedha na muda wa kuifungua.

Ushauri wangu kwa mfuko wa mwanafunzi: msimu ujao usiwahi. Acha episodi zote zitoke, sikiliza wanaosema imeishaje, ndipo ununue bando. Na chakula usijinyime tena kwa ajili ya joka.

"Mama, mimi ni fundi wa televisheni Majengo. Wateja wananiletea runinga nzima wakidai imeharibika: picha ni giza na maneno hayasikiki. Nikiwasha taarifa ya habari, safi. Nikiweka muvi yao, kweli giza. Nawaambiaje?"

Waambie ukweli, fundi wangu, na usiwatoze pesa.

Aprili 28, 2019 ndipo dunia nzima ilipolia kilio cha wateja wako. Ilikuwa episodi ya tatu ya msimu wa mwisho wa Game of Thrones, vita ya usiku. Watu walingoja vita ile miaka, na walipofika wakaona weusi juu ya weusi, hawajui nani kauawa. Mpiga picha wake, Fabian Wagner, alijibu kwamba lawama kubwa ni ya watu wasiojua kurekebisha runinga zao. Jibu lile liliniudhi na bado linaniudhi. Wao walikagua kazi yao chumba cha giza kwenye kioo cha bei ya gari. Sisi tunaipokea imebanwa ili ipite kwenye mtandao, na picha ikibanwa, kinachoumia kwanza ni sehemu nyeusi: zinageuka vijiraba. Mtengenezaji anajua kazi yake inakwenda wapi. Mwashi wa Dodoma hajengi nyumba kama anajenga Tanga.

Na usiku wenyewe hauko vile. Nimekulia Chamwino kabla umeme haujafika. Mbalamwezi ikiwaka unamtambua mtu kwa mwendo wake kutoka ng'ambo ya korongo. Giza la kwenye tamthilia za siku hizi mara nyingine linafunika kazi ya kompyuta iliyofanywa mbiombio. Mafundi wenyewe wa hizo picha wamechoka: mwaka 2023 wale wa Marvel walipiga kura kuunda chama chao cha wafanyakazi.

Kuhusu sauti, muvi kubwa hupangwa kwa ukumbi wenye spika kila upande. Runinga nyembamba za sasa zina spika mbili ndogo, tena mara nyingi zimeelekea chini au ukutani. Mlipuko unasikika, maneno yanamezwa. Mteja mwekee picha ya kisinema badala ya ile ya rangi kali, mtafutie kwenye mipangilio sehemu ya kukuza mazungumzo kama runinga yake inayo, na umwambie azime taa. Mvua ikinyesha juu ya bati, hapo tusubiri Mungu.

"Nakusalimu, mama. Ni mstaafu, Mpwapwa. Wajukuu walikuja Krismasi, tukaangalia Mufasa. Majina yote ya kwetu, nyika ya kwetu, lakini nilisinzia. Mwanangu anasema umri. Ile ya katuni ya zamani sikusinzia. Ni umri?"

Shikamoo mzee wangu. Si umri.

Ile ya katuni, The Lion King, ni ya 1994. Kumbuka mtoto Simba anapomsukuma baba yake aliyekufa bondeni: nyusi zinapanda, mdomo unatetemeka, masikio yanalala. Aliyeichora alimpa simba uso wa mtoto wa binadamu. Mwaka 2019 wakairudia kwa kompyuta, wakataka kila unywele uwe wa simba wa kweli, na kweli wakafaulu. Ila simba wa kweli halii machozi wala hakunji uso kwa huzuni. Mtoto yuleyule, bonde lilelile, uso mkavu. Mtu anayetaka simba wa kweli ashike barabara ya Mtera mpaka Iringa aingie Ruaha. Kwenye muvi tunatafuta anayetuelewa.

Kwa nini basi wakaendelea na Mufasa mwaka 2024? Kwa sababu ile ya 2019 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Nami nitamtetea kidogo muongozaji Barry Jenkins: nyuso zimekuwa na uhai kuliko ile ya 2019, na nchi wanayoitafuta wale simba kuitwa Milele ni neno lililochaguliwa kwa heshima. Lakini hadithi ya mtoto aliyepotea na kuokolewa, wewe mzee unazo ngapi kichwani? Fisi wa hadithi za Ugogoni anaongopa, anaona aibu, anaomba msamaha, na mtoto aliyekaa kwenye ngozi ya ng'ombe anauona uso wake bila picha yoyote. Krismasi ijayo wape wajukuu usiku mmoja wa hivyo kabla ya kuwasha runinga.

"Mama Kibanda, mbona kwenye muvi mpya za mtandaoni mtu akifungua mlango anasema 'nafungua mlango'? Wanatuona hatuna macho?" – Bodaboda, Nkuhungu

Wanajua uko kwenye simu, mwanangu. Mwishoni mwa 2024 jarida moja la Marekani liliripoti kuwa waandishi wanaoiandikia Netflix huambiwa wahusika watangaze wanachofanya, ili aliyewasha runinga huku anafanya mengine asipotee.

Wengine mtakumbuka kwamba hata Lufufu, yule aliyetusimulia muvi za nje kwa Kiswahili, alikuwa anasema kila kitu, na tulimpenda. Lufufu alikuwa anatuchukua sisi tusiojua Kichina wala Kiingereza anatuingiza ndani. Akisema stelingi kakasirika, anakwambia pia kwamba hasira ile ni ya mtu aliyedhulumiwa shamba na ndugu yake. Alitufanya tusogee mbele kwenye benchi. Hawa wa sasa wameshakubali kwamba huwatazami.

"Dada, mke wangu na mama mkwe wametekwa na tamthilia ya Kituruki. Mtu anamtazama mwenzake dakika nzima, muziki unalia, hakuna anayesema. Imekatika jana sentensi haijaisha! Niwaelezeje kuwa ni mbaya?" – Baba wa Ipagala

Kaka yangu, usiwaelezee hivyo, utakula peke yako. Elewa kwanza.

Kule Uturuki tamthilia hizi hutoka mara moja kwa wiki, na episodi moja huzidi saa mbili. Pima: ni muvi nzima kila wiki, watu walewale wanaandika, wanapiga, wanahariri, wiki ijayo nyingine. Hakuna mwandishi mwenye maneno ya kujaza saa mbili kila wiki. Ndipo yanapokuja macho, muziki, mama anashuka ngazi taratibu, kikombe cha chai kinapoa. Ikiuzwa nje hukatwa vipande vya saa moja au chini ya hapo, na kisu kinapita palipofika. Sentensi yako ya jana ilikatwa na mtu ambaye hajaiandika.

Kwa hiyo malalamiko yako ni ya kweli, lakini lawama uiweke panapostahili. Waigizaji wa kule ni wazuri mno. Na vijana wetu wanaotia sauti za Kiswahili wanafanya kazi ya kuheshimiwa. Nimewahi kufumba macho kwa makusudi nisikilize tu, nikamjua muongo kwa pumzi yake. Kinachoniumiza ni kwamba karibu kila niliyoifuata ilikuwa nzuri mwanzoni, watu wana siri zinazoshikana, halafu ikapendwa, na kwa kuwa imependwa haikuruhusiwa kufa. Aliyezikwa anarudi. Aliyesamehe anasahau kuwa alisamehe. Mimi huacha pale marehemu wa kwanza anapofufuka. Mwulize mkeo marehemu wa kwanza wa tamthilia yake alifufuka lini. Mtapata mazungumzo mazuri, na mama mkwe atakuwa upande wako.

"Shikamoo mama. Nipo Kondoa, napiga picha kwa simu, nataka kutengeneza muvi. Nikiangalia muvi zetu nakata tamaa: jumba la kifahari Dar, gari, mtu kaanguka ghafla, hospitali, msiba, mwisho. Wenzangu wanasema hatuwezi kwa sababu hatuna pesa. Ni pesa?"

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Mwigizaji wetu Steven Kanumba alipofariki Aprili 7, 2012, alikuwa na miaka 28. Jioni ile watu walikuja kibandani kwangu bila kuitwa. Sikutoza kiingilio. Tuliweka muvi zake moja baada ya nyingine hadi saa sita usiku, wanawake wanalia, wanaume wameinama. Nakwambia haya ujue kwamba hadhira yetu haikuwa inadai helikopta. Walimlilia kijana aliyewaonyesha baba aliyekosea akarudi nyumbani, kwa lugha yao, kwenye sofa kama la jirani yao. Baadaye soko la diski likafa kwa nakala za wizi, na sisi wenye vibanda tulichangia, maana tulionyesha kazi za watu na mwenyewe hakupata senti. Hilo nalisema kwa masikitiko. Wengi wakakimbilia kutengeneza haraka: siku nne, nyumba moja ya kuazima, hadithi inaandikwa jana yake. Yale majumba uliyoyataja yaliingia hivyo. Jumba ni mahali pamoja pa kupigia kila kitu.

Pesa inasaidia, sikatai. Lakini mwaka 2025 Netflix walitoa muvi ya maroboti, The Electric State, iliyotajwa kugharimu zaidi ya dola milioni 300, na mpwa wangu aliita karanga kabla ya nusu saa. Halafu kuna Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi: Zanzibar ya wakoloni, binti aliyeozwa kwa mume mkubwa, kijana wa harakati. Bajeti yake huwezi hata kuifikiria karibu na ile. Itazame ukiweza, uangalie jinsi mwanga wa dirishani unavyoachwa ufanye kazi, na jinsi watu wanavyonyamaza kwa sababu wana la kuficha.

Nikuonyeshe kitu. Wiki iliyopita nilikuwa soko la Sabasaba kununua zabibu. Mama mmoja anapanga vichala kwenye sado, vile vilivyosinyaa anavizika chini, vinono juu. Simu ikaita. Akaibana kati ya sikio na bega, mikono haijaacha kupanga. Akasikiliza muda mrefu. Akasema, "Ametoka lini?" Akasikiliza. Mkono ukaingia ndani ya sado, ukachimba, ukaanza kuvitoa vilivyosinyaa kimoja kimoja na kuviweka pembeni. Akasema, "Sawa." Akanipimia sado ya zabibu nzuri tupu, kwa bei ileile, na hakunitazama.

Sijui ni nani aliyetoka, na ametoka wapi. Nimewaza siku saba. Hiyo ni muvi, mwanangu, na haina jumba. Kwa mwongozo wa siku hizi yule mama angeangua kilio, muziki ungepanda, na jirani angekuja kuuliza "vipi, mumeo katoka jela?" ili sote tujue. Wewe muache achimbe ile sado. Ukae naye karibu, kamera usawa wa mikono.

Sasa la ufundi, maana hapa ndipo vijana wengi wanaanguka. Picha ya simu yako inatosha. Sauti haitoshi. Upepo wa huku kwetu unaingia kwenye maiki ya simu kama mtu anapuliza moto, na mtazamaji atavumilia picha mbovu lakini hatavumilia hiyo. Azima simu ya pili. Iweke kifuani kwa anayesema, ndani ya nguo, au ifunike kwa kipande cha sponji la godoro. Zote mbili zikiwa zinarekodi, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri utaoanisha kofi na kofi. Piga asubuhi, kabla upepo haujaamka. Na baada ya kila onyesho, nyamazeni wote dakika moja urekodi pale mahali penyewe, mbuzi, jogoo, pikipiki ya mbali. Utaihitaji kuziba mashimo.

Andika kurasa tano tu. Wasomee watu ambao si rafiki zako: wauza maji, wazee wa kahawa. Usiwaulize kama imependeza, watakwambia ndiyo kwa adabu. Angalia wanapoanza kuangalia kwingine, weka alama hapo, rudi nyumbani ukafute.

Ikikamilika, panda basi uje nayo Chang'ombe. Kibanda nilikifunga, lakini mabenchi manne bado ninayo uani na ukuta ni mweupe. Nitaita majirani, na nitamwita muuza karanga akae mlangoni.